Bwana Afya na Hisa za Ufagio

Wenye kinyaa wazibe pua mapema, maana habari hii inanuka, na mimi sikuja na marashi. Atakayeitambua nchi yake humu, shauri yake. Mimi nasimulia nchi ya watu wengine kabisa.

Ilikuwako Jamhuri ya Ukoka. Ilikuwa nchi njema, yenye bendera, wimbo wa taifa na mawaziri wengi kuliko wizara, hata wengine wakawa wanakalia kiti kimoja kwa zamu. Wananchi wake walikuwa wasikivu mno. Redio ikisema jana ilipita neema, watu walijilaumu kwa kuwa hawakuwapo nyumbani ilipopita.

Katika mji mkuu wa Ukoka aliishi mzee mmoja, Ngwali bin Kheri, ambaye maisha yake yote alikuwa bwana afya. Mnawajua mabwana afya wa zamani. Alipita mtaa kwa mtaa na kofia yake ya kaki, akafunua mitungi, akachungulia vyoo, akawatoza faini waliomwaga maji machafu mbele ya nyumba zao. Akionekana tu mwanzo wa uchochoro, wanawake walipeana habari, "Bwana Afya huyo!" na mafagio yote ya mtaa yakaamka. Inzi mmoja ndani ya bakuli la mchuzi alitosha kumfungia mtu hoteli. Watu walimtukana kimoyomoyo, lakini watoto wao hawakuharisha.

Akastaafu. Serikali, baada ya kumzungusha mpaka soli za viatu zikaisha, ikampa kiinua mgongo chake. Pesa ile ilikuwa na kazi moja tu. Mkewe, Bi. Kidawa, alikuwa na mtoto wa jicho kote kuwili. Jicho la kushoto lilikwisha kuziba, na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia nyuma ya chandarua. Daktari alisema yote mawili yanapasulika na kupona, ila kila jicho lina malipo yake. Kiinua mgongo kilitosha jicho moja. Mke na mume wakakubaliana lianze la kulia, wakapangiwa siku, wakangoja.

*

Ndipo Waziri wa Biashara, Mheshimiwa Dakta Mchande, akaamka na sera. Watu wengine huamka na mafua, yeye aliamka na sera, na haikumtoka mpaka amwambukize kila mtu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma redioni. "Tangu tupate uhuru wetu, tunafagiliwa na wageni! Ufagio wa ng'ambo unaingia chumbani mwako. Unaingia chini ya kitanda chako. Unayaona mambo yako yote! Mimi nawauliza, kama huo si ujasusi, ujasusi ni nini?"

Makofi yalipigwa mpaka mtambo wa redio ukakoroma.

"Kuanzia leo ni marufuku kuingiza, kuuza, kununua, kuazima au kuusifu ufagio wa kigeni. Na kwa kuwa kiwanda chetu bado kichanga, na mtoto mchanga haachwi apigwe na upepo, ni marufuku pia kwa mtu binafsi kujitengenezea ufagio kwa makuti, kwa chelewa za mnazi, au kwa kitu kingine chochote chenye nia ya kufagia. Kampuni ya Ufagio wa Taifa itatufagilia sote. Na hisa zake zinauzwa kuanzia kesho asubuhi!"

Hapa lazima niwaeleze soko la hisa la Ukoka, msije mkadhani lilikuwa la kihuni. Lilikuwa na sheria, tena nyepesi: bei ruksa kupanda. Kushuka kulikuwa kosa la uchochezi. Hisa iliyosimama pasipo kupanda iliangaliwa kwa siku mbili, na isipopata nguvu ililazwa, kama mgonjwa. Hisa iliyolazwa haikuuzwa wala kununuliwa, na pesa za mwenyewe zililala nayo humo humo, shuka moja. Bei za siku zilisomwa redioni adhuhuri, mara tu baada ya matangazo ya vifo, na msomaji yule yule, kwa sauti ile ile ya majonzi. Ilisemekana serikali haikuwa na bajeti ya sauti ya pili.

*

Asubuhi iliyofuata alibisha hodi Msellem, dalali. Kabla ya hisa aliuza viwanja, na kabla ya viwanja aliuza ng'ombe, na wote waliowahi kununua kwake ng'ombe au kiwanja walikuwa bado wanamtafuta.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Msellem."

"Mzee, nasikia kiinua mgongo kimetoka. Kiko wapi?"

"Kiko sandukuni."

"Sandukuni!" Msellem akashika kichwa. "Mzee, pesa ikilala sandukuni inaota ukungu. Wewe mtu wa afya, hilo nikufundishe mimi? Haya niambie, mama ana macho mangapi?"

"Mawili."

"Na pesa inatosha mangapi?"

"Moja."

"Basi unamdhulumu mama jicho zima, mzee wangu, na pesa unayo. Nunua hisa za ufagio. Waziri kashafunga mlango wa bandari. Watu watafagia na nini, na ndevu? Mwezi mmoja tu, unauza, mama anapasuliwa yote mawili siku moja, anatoka pale anasoma mpaka maandishi ya kwenye kiberiti."

Maneno hayo yalimwingia Bwana Ngwali. Mchana akamkalia mkewe karibu, akamweleza. Bi. Kidawa alikuwa anachambua mchele kwa vidole, kwa kuwa macho yalikwisha kumsaliti.

"Ngwali, mimi jicho moja linanitosha," alisema. "Nikuone wewe, niuone mchele wangu, basi. La pili la nini?"

"La pili haki yako, Kidawa."

"Na hicho kiwanda chenyewe umekiona?"

"Waziri kakiona."

Bi. Kidawa akacheka, akalitoa jiwe kwenye mchele akalitupa. "Haya, mume wangu. Mimi sioni, wewe ndiye macho yangu. Ukiona panapitika, twende."

Akanunua. Alirudi nyumbani na cheti chenye muhuri, kofia ya kampuni, na fulana ya njano iliyoandikwa kifuani MIMI NI MWENYE UFAGIO. Ufagio wenyewe hakupewa.

*

Kiwanda kilikuwapo, msikizushie. Kilikuwa na geti zuri na mlinzi mwenye sare. Nyuma ya geti palikuwa na nyasi, na mbuzi wa mlinzi. Mashine ilikuwa njiani. Waziri alisema iko njiani, na mimi namwamini, maana nchi zina njia ndefu.

Mafagio yaliyokuwamo majumbani yakaanza kuchakaa. Kwanza yakabaki vigutu, kisha yakabaki mipini. Watu wakajaribu matawi ya mwarobaini, polisi wakakamata matawi. Maganda ya mahindi, vichwa vya dagaa, nepi, matumbo ya kuku, vyote vikakaa palipoangukia. Mitaro ikajaa uji mweusi unaotoa mapovu. Sokoni pakaota lundo lililopanda mpaka likalingana na paa la bucha, na chini yake yakawa yanatiririka maji ya manjano ambayo hata mbwa waliyanusa wakarudi nyuma.

Na bei ikapanda. Adhuhuri moja, baada ya kutangazwa marehemu, alikaribishwa redioni mtaalamu wa masoko, bwana mwenye sauti laini.

"Msikilizaji asishtuke," alisema. "Uchafu ukizidi, mahitaji ya ufagio yanazidi. Mahitaji yakizidi, bei ya hisa inazidi. Kwa hiyo, hiyo harufu unayoisikia, ndugu msikilizaji, ni harufu ya uchumi unaokua."

Mwanzoni Bwana Ngwali alikuwa anafunga madirisha na kutapika. Mtu hawi bwana afya maisha yake yote halafu tumbo likasahau kwa siku moja. Lakini tangazo la adhuhuri lilikuwa linamtuliza kichefuchefu vizuri kuliko ndimu. Akaanza kutoka jioni kutembea. Akawa anasimama mbele ya lundo la sokoni, mikono nyuma, analipima kwa jicho la kitaalamu. Siku lundo lilipozidi kimo, alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Wenye hisa wenzake wakajua kwamba mzee ana ujuzi. Wakawa wanamjia barazani: karani mstaafu wa posta, msimamizi wa zamani wa reli, mwalimu wa madrasa, wote na fulana zao za njano.

"Bwana Afya, unaonaje? Tuuze?"

"Shikilieni," alijibu, amekunja nne. "Lundo la sokoni limeingia funza, lakini mtaro wa hospitali haujaziba. Ukiziba ule, kuharisha kutaanza upande wa mashariki. Hapo tutapanda sana."

"Inshallah," walisema.

Ujuzi wote ule aliosomea ili watoto wasife! Nikiifikiria baraza ile hata mate yananikauka.

*

Akaja Mwanaharusi, muuza vitumbua, jirani wa nyumba ya tatu. Alikuja na staha zote, kanga amejitanda.

"Shikamoo, Bwana Afya. Sisi wanawake wa mtaa tumekaa, tumeonelea yatosha. Tunataka tukate makuti, tufunge chelewa zetu, Jumamosi tufagie mtaa mzima. Lakini hatutaki tufanye kihuni. Tunataka wewe utuongoze, kama zamani. Ukitokea wewe mbele, hata polisi wataona haya."

Bwana Ngwali akakohoa. "Nchi ina sheria, Mwanaharusi."

"Sheria ya uchafu?"

"Sheria ya kulinda viwanda."

"Bwana Afya, mwanangu tumbo linamwendesha tangu juzi. Wewe si ndiye uliyenitoza faini mimi kwa ajili ya maganda ya ndizi?"

"Yale yalikuwa mambo ya zamani. Tungoje ufagio wa taifa. Subira yavuta heri."

Mwanaharusi akaisoma fulana ya mzee kifuani, polepole, herufi kwa herufi. Akaondoka.

Kesho yake alikamatwa akiwa amekaa uani kwake, chelewa mapajani. Alishtakiwa kwa kumiliki kiwanda bila leseni. Nani aliyemchongea, sijui, na mimi si mtu wa kusingizia. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile Bwana Ngwali alionekana anatoka kituo cha polisi, kofia ya kampuni kichwani, anatazama viatu vyake.

Siku ya Bi. Kidawa kwenda hospitali ikafika.

"Ngwali, leo ndiyo siku. Hizo hisa bado hazijatosha macho mawili?"

"Zilitosha tangu juma lililopita."

"Basi si uziuze!"

"Nitauzaje kitu kinachopanda, Kidawa? Ngoja kidogo. Tutapata macho na tutajenga na banda la uani."

"Tamaa mbele, mauti nyuma," alisema Bi. Kidawa. Lakini alilisema taratibu, kama mtu anayemkanya mtoto anayempenda. Siku ikapita.

*

Kisha ikanyesha mvua. Ilikuwa mvua ya Mwenyezi Mungu, haina habari na sera ya waziri. Ilipiga siku nzima, ikalibomoa lundo la sokoni, ikaisukuma mitaro, ikabeba vichwa vya dagaa na matumbo ya kuku ikaenda navyo baharini. Mji ukang'aa. Watoto wakatoka kucheza. Hata mbwa walionekana wameoga.

Bei ikasimama. "Hisa za ufagio," msomaji alisema kwa majonzi yake, "leo zimesimama kutafakari."

Msellem alikuja mbio, jasho linamtoka. "Mzee! Zikisimama na kesho, zinalazwa! Zikilazwa, habari kwisha!"

"Sasa mimi nifanye nini? Nizuie mvua?"

"Sijui, mzee. Wewe ndiye mtu wa afya. Wewe ndiye unayejua uchafu unavyopatikana."

Bwana Ngwali akainuka. Akaingia jikoni. Akachukua ndoo ya maganda, akamwagia humo maji yaliyooshea dagaa, akaongeza utumbo wa samaki, akazunguka nyuma ya nyumba. Palikuwa na mtaro pale, umesafishwa na mvua mpaka unaona saruji. Ulipita chini ya dirisha la chumbani kwake mwenyewe, lakini ndio uliokuwa karibu, na mzee alikuwa na haraka. Jua lilikuwa linawaka, saa kumi ya alasiri, mchana kweupe. Akaimimina ndoo.

Alipoinua kichwa, aliwakuta wenzake. Karani wa posta alikuwa ng'ambo ya mtaro anakung'uta gunia. Msimamizi wa reli alikuwa anasukuma toroli. Mwalimu wa madrasa alikuwa amebeba beseni, amelifunika kwa kitambaa safi kwa ajili ya heshima. Wote na fulana za njano. Hakuna aliyeona haya, au pengine wote waliona, wakaifunika kwa adabu.

"Assalamu alaikum, Bwana Afya."

"Wa alaikumu ssalaam, mwalimu. Habari za nyumbani?"

"Njema. Za soko?"

"Tunajaribu, mwalimu."

"Basi nami nimwage hapo, au nikupishe?"

"Mwaga tu, sheikh wangu, pana nafasi."

Wakamwaga, wakaagana kwa kupeana mikono ile ile. Walifanya hivyo siku hiyo na siku zilizofuata, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. La kuvunda halina ubani, lakini kule Ukoka lilikuwa na wanahisa. Bei ikaanza kupanda tena, na mtaalamu wa masoko akasema redioni kwamba hiyo ni dalili ya imani ya wananchi katika uchumi wao.

*

Inzi hawakukawia. Walitoka mtaroni wakiwa wanene, wa kijani, wavivu wa kuruka, wakaingia dirishani. Bi. Kidawa alikuwa na desturi ya kukaa pale dirishani, kwa kuwa jicho lake la kulia lilitaka mwanga. Inzi wakalikuta jicho lina majimaji, wakakaa. Anawapunga huku, wanatua kule. Mtu ambaye haoni vizuri atampiga inzi gani?

Jicho likawa jekundu. Likatoa usaha. Siku ya tatu likavimba likafumba, na Bi. Kidawa, ambaye hakuwahi kulia mbele ya mumewe, akalia kwa maumivu mpaka majirani wakasikia. Hapo ndipo Bwana Ngwali alipomshika mkono wakaenda hospitali, wameziba pua kwa kanga, maana mtaro wa hospitali ulikuwa umeziba kama alivyotabiri.

Daktari, mwanamama aliyechoka, alilifungua jicho, akalitazama, akaliacha.

"Hili limekwisha, mama. Limepata kidonda, kioo chenyewe kimeoza. Mngekuja siku mliyopangiwa, leo ungekuwa unaona." Akalitazama la kushoto. "Hili bado lina mtoto wa jicho peke yake. Leteni pesa juma hili hili nalipasua, litaona. Lakini msichelewe, maradhi haya yanahama jicho kwa jicho." Kisha akauliza, "Mnaishi karibu na jaa?"

"Hata, daktari," alisema Bi. Kidawa, na palikuwa na fahari katika sauti yake. "Mume wangu ni bwana afya."

Daktari akamtazama bwana afya na fulana yake. Bwana Ngwali akatazama ukutani, palipobandikwa picha ya inzi yenye maelezo. Yeye ndiye aliyeibandika, miaka ya kazi yake.

*

Akaenda kuuza. Sasa kununua hisa Ukoka ilikuwa kama kununua karanga, ila kuuza kulitaka kibali cha Kamati ya Uzalendo wa Wawekezaji. Kamati ilikaa ghorofani, imejipanga nyuma ya meza, inakunywa soda.

"Mzee," alianza mwenyekiti, "nchi yako imekukosea nini?"

"Haijanikosea kitu, mheshimiwa. Mke wangu anahitaji jicho."

"Mke wako mmoja. Taifa zima linahitaji jicho, la kuona mbali. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria, mheshimiwa. Lakini jicho la mke wangu linaoza."

"Lugha, mzee, lugha!" alisema mjumbe mmoja, akiweka soda chini. "Katika ofisi hii vitu haviozi. Vinapita katika kipindi cha mpito."

Wakamtaka aombe radhi, akaomba. Wakamtaka aimbe wimbo wa taifa, beti zote na kiitikio, akaimba, machozi yanamtoka, nao wakaandika kwamba ameguswa. Wakampa kibali. Bwana Ngwali akashuka ngazi anakimbia, uzee wake wote ameusahau, akafika dirisha la mauzo akanyoosha mkono wenye karatasi.

Wakati huo huo kipaza sauti cha barabarani kikakoroma. Marehemu wa siku hiyo walikuwa wengi, wakasomwa mmoja mmoja. Kisha ikaja sauti ya Mheshimiwa Mchande.

"Ndugu wananchi! Wapo wapotoshaji wanaosema serikali imebadilisha sera. Sera haijabadilika! Imegeuzwa tu upande wa pili, ipate jua sawasawa. Kuanzia saa hii, mafagio ya kigeni ruksa, kwa sababu serikali yenu imesikia kilio cha mama anayetaka kufagia. Na kwa neema ya Mungu, meli ya kwanza imekwisha tia nanga!"

Meli ile ilikuwa ya shemeji yake. Hilo ni bahati tu. Shemeji huyo huyo alikuwa ameuza hisa zake zote za ufagio siku mbili kabla, hiyo nayo ni bahati, na Kamati ilimpa kibali bila kumwimbisha, pengine kwa kuwa anajulikana ana sauti mbaya.

"Na tunasikitika kutangaza," aliendelea msomaji, "kwamba hisa za Kampuni ya Ufagio wa Taifa zimelazwa leo mchana. Familia inaomba faragha."

Dirisha la mauzo likafungwa. Lilifungwa taratibu, kwa heshima, karibu na vidole vyake. Bwana Ngwali akagonga. Akagonga kwa ngumi, akagonga kwa kichwa, mpaka akaja askari akamsogeza kando pamoja na karani wa posta, aliyekuwa amekaa chini anacheka peke yake.

Serikali, kwa huruma yake, haikuwaacha wanahisa mikono mitupu. Iliwapa gawio. Kila mwenye hisa alipewa ufagio mmoja, wa ng'ambo, juu ya mpini umebandikwa karatasi ya UMETENGENEZWA UKOKA. Gundi ilikuwa bado mbichi. Mwanaharusi hakufunguliwa, kwa maelezo kwamba sheria imefutwa lakini kosa lake halikufutwa. Mwanawe alizikwa na majirani.

*

Maradhi yalihama kama alivyosema daktari. Juma halikwisha, jicho la kushoto nalo likawa jekundu, likavimba, likafa. Bi. Kidawa akawa kipofu.

Hakumlaumu mumewe, kwa kuwa hakujua habari ya ile ndoo. Harufu ya mtaro aliisikia, lakini alidhani ni ya mji mzima, na nani angemwambia? Bwana Ngwali alikuwa na maneno yale kooni kila siku, akiyameza kila siku. Alimpikia, alimsomea, alimkogesha. Usiku alimsikia anaomba dua, anamshukuru Mungu kwa kumpa mume aliyejitahidi kumtafutia macho mawili.

Asubuhi moja Bi. Kidawa aliomba huo ufagio wa gawio. Akaushika, akaanza kufagia sebule kwa kupapasa, anahesabu ukuta kwa kiganja, anafagia, anarudi pale pale alipokwisha kufagia.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Msellem.

"Shikamooni wazee. Poleni sana. Mungu ndiye mpangaji." Akakaa bila kukaribishwa. Alikuwa na mkoba mpya. Akamtazama Bi. Kidawa, akayatazama yale macho yake, akayatazama kwa makini, kama mtu anayekagua maembe sokoni. Kisha akamsogelea mzee.

"Mzee wangu, najua uliumia. Hata mimi niliumia. Lakini jana Mheshimiwa Mchande kaamka na sera. Fimbo za vipofu kutoka ng'ambo, marufuku! Inaanzishwa Kampuni ya Fimbo ya Taifa. Na macho mekundu, mzee, yameenea mashariki yote, upande wa magharibi yanaingia sasa hivi. Nimetoka hospitali mwenyewe, nimeona foleni. Wewe mtu wa afya, unajua kabla ya mtu yeyote yatakapofika. Utafidia hasara yako yote, na faida juu."

Ufagio ukanyamaza. Bi. Kidawa alikuwa amesimama katikati ya chumba, kichwa amekiinamisha, anasikiliza.

Bwana Ngwali alijua la kusema. Alijua amfukuze mtu yule kwa ufagio, kwa kiti, kwa mateke. Neno la kumfukuza lilimfika mdomoni kabisa. Akafungua mdomo.

"Hisa moja kiasi gani?"

Alilisikia mwenyewe wakati limekwisha toka. Msellem akatabasamu, akaanza kufungua mkoba wake.

Bi. Kidawa aligeuza uso polepole, akautafuta upande sauti ilikotoka, akaupata. Akamkabili mumewe kwa macho yale mawili meupe. Kisha akatema mate, sakafuni, pale alipokuwa ameshafagia.